Mmefungwa Nani?

Filamu ya The Other Final niliitazama kwa vipande vitatu, kwa sababu umeme wa Bigwa ulikatika mara mbili jioni ile na betri ya kompyuta yangu ni ya kuombea dua. Kila giza lilipoingia nilitoka barazani. Ukungu ulikuwa umeshuka Uluguru hadi karibu na mashamba ya migomba, na Lupanga haikuonekana kabisa. Nikawa nasubiri umeme na kuwaza juu ya watu elfu chache wa kisiwa ambacho hadi wiki ile nisingeweza kukuonyesha kwenye ramani.

Kisiwa chenyewe ni Montserrat, huko Karibiani. Kisa cha filamu ni chepesi kusimulia. Uholanzi ilishindwa kufuzu Kombe la Dunia la 2002, na mtengenezaji filamu Mholanzi, Johan Kramer, akajikuta hana timu ya kushangilia. Badala ya kutazama wakubwa, akageuza orodha ya FIFA kichwa chini miguu juu. Mkiani kabisa, nafasi ya 203, walikuwa Montserrat. Juu yao kidogo, nafasi ya 202, Bhutan. Akawakutanisha. Tarehe 30 Juni 2002, siku ileile Brazil na Ujerumani walipocheza fainali Yokohama, Montserrat na Bhutan nao walicheza fainali yao mjini Thimphu. Bhutan walishinda 4-0, matatu kati ya hayo yakifungwa na Wangay Dorji. Kombe lilitengenezwa ili ligawanyike vipande viwili, kila timu ikaondoka na nusu.

Ni filamu nzuri. Nasema hivyo mapema kwa sababu nitailalamikia sana huko mbele. Kramer ana jicho la huruma na hana haraka. Anawaonyesha watu wenye kazi zao wakivaa jezi, watu wanaosafiri nusu ya dunia kwenda kucheza mahali palipo juu kuliko Lupanga. Mimi Lupanga nimeipanda mara moja, na kule kileleni nilikuwa siwezi kutamka jina langu kwa pumzi moja, sembuse kukimbia dakika tisini. Kwa hiyo kila mchezaji wa Montserrat aliposhika magoti, nilishika ya kwangu.

Na kuna mlima. Hili ndilo lililonigusa zaidi, labda kwa sababu ya mahali ninapokaa. Sisi wa Morogoro tumelelewa kuuamini mlima. Uluguru ndio unaotupa maji, ndio unaoilisha Ruvu ambayo Dar es Salaam inakunywa, ndio unaoshusha karoti na kabichi za Mgeta hadi sokoni. Montserrat nao walikuwa na mlima wao, Soufrière Hills, na mwezi Julai 1995 ukaamka. Baada ya miaka miwili mji mkuu wao, Plymouth, ulikuwa umefukiwa na majivu na kuachwa mahame. Theluthi mbili ya watu wakahama, wengi wakaenda Uingereza. Timu iliyoshika mkia wa dunia mwaka 2002 ilitoka kwenye nchi ambayo nusu yake ilikuwa haikanyagiki. Ukilijua hilo, mabao manne unayaona kama kitu kidogo sana.

Basi kwa nini nilimaliza filamu nikiwa na kinyongo?

Sababu iko dukani kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu. Ni Mpemba, kwao Wete, na amekaa Morogoro kabla mimi sijazaliwa. Anauza sukari, unga, mafuta ya kupima, sabuni, na juu ya kaunta ana chupa ya karafuu ambayo haina bei kwa sababu haiuzwi. Nyuma ya kaunta kuna televisheni ya kichogo. Desemba 2017 ndipo nilipotazama pale mashindano ya CECAFA yaliyochezwa Kenya.

Ambao hamfuatilii mpira mnisamehe maelezo kidogo. Kwenye CECAFA, na karibu hapo tu, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania huingiza timu mbili. Moja ni Zanzibar Heroes. Nyingine huitwa Kilimanjaro Stars, timu ya Tanzania Bara. Kwingineko kote timu ni moja, Taifa Stars, na wachezaji wa pande zote mbili huvaa jezi moja. Kwa hiyo kuna vijana ambao mwezi huu ni wapinzani na mwezi ujao wanalala chumba kimoja kambini. Nadir Haroub, yule beki tuliyempa jina la Cannavaro, alikuwa nahodha wa Taifa Stars na pia alikuwa Mzanzibari wa Zanzibar Heroes. Hatukuona ajabu. Tumeyazoea mambo haya kiasi kwamba kuyaeleza kwa mgeni ndiko kunakotushtua wenyewe.

Mwaka ule Zanzibar Heroes waliwapiga Kilimanjaro Stars 2-1 kwenye makundi. Nilinuna. Nilinuna kama mtu aliyefungwa na mdogo wake kwenye drafti, ule mnuno wa kucheka kwa meno ya mbele. Kisha wakawatoa Uganda kwenye nusu fainali, na kufikia Jumapili ya fainali, Machakos, dhidi ya wenyeji Kenya, nilikuwa nimeshabadilika. Nilikwenda dukani nikiwa Mzanzibari kuliko mzee mwenyewe. Kenya walitangulia mara mbili, na mara mbili Khamis Mussa Makame akasawazisha. Lile bao lake la kwanza lilikuja dakika za mwisho kabisa, nikaruka hadi nikaangusha debe la mchele. Mechi ikaisha 2-2, zikaja penalti, Kenya wakachukua kombe.

Nikashika kichwa nikasema, "Dah, mzee wangu, tumefungwa."

Alikuwa anakusanya mchele wangu kwa ufagio. Hakuinua macho. "Mmefungwa nani? Nyinyi si mlishafungwa? Na waliowafunga ni sisi."

Alisema kwa utani, wateja wawili wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini nimekaa na maneno hayo miaka mingi, na yalirudi yote niliposikia sauti tulivu ya filamu ya Kramer ikiniomba niwapende wadogo wa dunia.

Tatizo langu na The Other Final ni hili: inawapenda wadogo kwa masharti. Sharti la kwanza ni kwamba wabaki wadogo. Sharti la pili ni kwamba kushindwa kusiwaume. Montserrat wanafungwa manne na bado wanatabasamu, na sisi watazamaji tunaondoka tukiwa tumejisikia watu wema. Hakuna anayeuliza walifikaje kwenye orodha. Orodha inachukuliwa kama hali ya hewa, kitu kilichopo tu. Ilhali orodha ndiyo hadithi nzima. Nafasi ya 203 ni ya mwisho kwa walioandikwa, na chini yake kulikuwa na wengine ambao hawakuandikwa kabisa. Zanzibar walikuwa huko.

Linganisha historia zenyewe. Montserrat ni kisiwa cha watu wasiozidi elfu tano hivi, eneo lililo chini ya Uingereza mpaka leo. Kiliingia FIFA mwaka 1996, mlima ukiwa unaendelea kutapika. Zanzibar ina watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022. Ilianza kucheza Kombe la Gossage mwaka 1949, michuano ambayo Kenya na Uganda waliianzisha 1926 kwa kombe lenye jina la kampuni ya sabuni, na ambayo ndiyo mzazi wa CECAFA ya leo. Mwaka 1995, mwaka uleule mlima wa Montserrat ulipolipuka, Zanzibar walikwenda Uganda wakarudi na Kombe la Challenge. Mabingwa wa Afrika Mashariki na Kati. Kwenye orodha ya FIFA hawana hata namba ya mkiani.

Mwaka 2006, Ujerumani ilipokuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia, Zanzibar walikuwa hukohuko Ujerumani, mjini Hamburg, kwenye mashindano ya timu zisizotambuliwa yaliyofanyika uwanja wa klabu ya St. Pauli. Walikuwepo Tibet, Greenland, Gibraltar na Kupro ya Kaskazini. Zanzibar walifika fainali wakafungwa kwa penalti na Kupro ya Kaskazini. Penalti tena, nadhani mtu mwenye muda angeandika kitabu kuhusu Zanzibar na penalti. Miaka sita baadaye walikwenda Kurdistan, kwenye mashindano mengine ya wasio na kiti, wakashika nafasi ya tatu. Kati ya wale wa Hamburg, Gibraltar leo ni mwanachama wa FIFA, tangu 2016.

Halafu ikaja 2017. Tarehe 16 Machi, mkutano mkuu wa CAF mjini Addis Ababa uliikubali Zanzibar kuwa mwanachama kamili, wa 55. Mkutano huohuo ndio uliomwangusha Issa Hayatou na kumweka madarakani Ahmad wa Madagascar. Kisiwani watu walishangilia barabarani. Tarehe 21 Julai, mjini Rabat, CAF hiyohiyo chini ya rais huyohuyo ikaufuta uanachama. Hoja ilikuwa kwamba katiba ya CAF hairuhusu vyama viwili kutoka nchi moja.

Miezi minne na siku tano. Nilipohesabu siku hizo kwenye kalenda nilikumbuka hesabu nyingine. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 na siku sita baadaye ikawa mwanachama wa Umoja wa Mataifa, yenye kiti chake na bendera yake. Katikati yakatokea Mapinduzi ya Januari. Tarehe 26 Aprili 1964 ukaja Muungano, na viti viwili vikawa kimoja. Miezi minne na siku kumi. Sisemi kwamba mambo haya mawili ni mamoja. Nasema tu kwamba mzee wa Wete, aliyekuwa mtoto wa shule mwaka 1964, mwaka 2017 hakushangaa kama nilivyoshangaa mimi.

Kanuni za FIFA zinataka mwanachama mpya atoke nchi huru inayotambuliwa na dunia, na zinaacha mlango mdogo kwa eneo ambalo bado halijapata uhuru, likiombewa ruhusa na shirikisho la nchi linakotegemea. Soma tena polepole. Aliyebaki chini ya mkoloni ana mlango. Aliyekuwa huru kisha akaungana na jirani yake hana, kwa sababu kanuni haina jina la kumwita. Visiwa vya Karibiani vimejaa wa aina ya kwanza: Montserrat, Anguilla, Cayman. Curaçao, ambayo mpaka leo imo ndani ya Ufalme wa Uholanzi, ilitoka sare tasa na Jamaika Novemba 2025 ikafuzu Kombe la Dunia, nchi ndogo kuliko zote kwa idadi ya watu kuwahi kufika huko. Nilishangilia usiku ule. Asubuhi yake nilipita dukani, nikaona aibu kulitaja.

Lakini ningekuwa mnafiki kama ningeishia kumlaumu Kramer na wanasheria wa Zürich. Ukosoaji wa kweli unapaswa kugeukia lugha yangu mwenyewe, lugha ya vijiwe, redio na kurasa za michezo za huku bara. Zanzibar wakicheza, sisi tuna maneno mawili tunayoyatoa mfukoni: "ndugu zetu" na "visiwani". Wakishinda, ndugu zetu wa visiwani wametutoa kimasomaso. Wakishindwa, ndugu zetu wamepambana kiume. Sikiliza vizuri neno "ndugu" linavyofanya kazi hapo. Linamkaribisha mtu ndani huku likimwacha mlangoni. Husemi "ndugu zetu wa Morogoro" kama nawe ni wa Morogoro. Na "visiwani" linaondoa hata jina. Linaacha maji na minazi. Kwa maneno hayo mawili tumefanya kwa Kiswahili kilekile ambacho filamu ya Mholanzi ilifanya kwa Kiingereza: tumewapenda kwa masharti.

Na mimi nina maslahi katika jambo hili. Feisal Salum alicheza timu ile ya 2017. Kocha wake alikuwa Hemed Suleiman, Morocco, ambaye Januari 2024 alikabidhiwa Taifa Stars katikati ya AFCON kule Côte d'Ivoire, akatoa sare na Zambia na DR Kongo. Mlango wa FIFA ukifunguliwa kesho, Fei Toto anaweza kuvaa jezi nyingine dhidi yangu, siku zote, si Desemba tu. Sitaki. Nasema kwa mdomo wangu kwamba Zanzibar wana haki ya kiti chao, na moyoni nahesabu viungo watakaobaki upande wetu. Naambiwa Muungano ni wa udugu. Ni kweli, na ndugu ndiye anayejua kuficha kitu ambacho mwenzake anakihitaji.

Ndiyo maana naona The Other Final ni filamu rahisi mno kwetu. Bhutan na Montserrat hawakuwa na lolote la kudaiana. Walikutana, wakacheza, wakagawana kombe, wakaagana. Filamu ningependa kuiona ni ya watu ambao hawawezi kuagana. Ingeanzia kambi ya Taifa Stars, vijana wawili chumba kimoja, mmoja wa Unguja na mmoja wa Ifakara, CECAFA imebaki wiki moja. Ingekwenda Amaan, Agosti 2025, ambako CHAN ilichezwa, bendera za CAF zikipepea kwenye uwanja wa Zanzibar wakati Zanzibar yenyewe si mwanachama kamili. Sudan, Senegal, Kongo na Nigeria wakiimbiwa nyimbo za mataifa yao pale, na mwenyeji hana wake wa kuimbiwa kwenye mashindano hayo. Na ingefika Gombani, Pemba, Januari 2025, usiku Zanzibar Heroes walipoifunga Burkina Faso kwenye fainali ya Kombe la Mapinduzi. Burkina Faso ina kiti FIFA, na ni nchi iliyowahi kucheza fainali ya AFCON, 2013.

Montserrat nao, kwa haki yao, waliikimbia filamu. Walianza kuwaita vijana wenye asili ya kisiwa wanaocheza ligi za Uingereza, watoto wa wale waliokimbia majivu, na walikosa kidogo sana kufuzu Gold Cup ya 2019. Hayo hayamo kwenye hadithi tunayoisambaza juu yao. Tumebaki na Thimphu na tabasamu.

Wiki iliyofuata niliiweka filamu kwenye flashi, nikampelekea mzee dukani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Leo umeniletea nini, deni?"

Televisheni ya kichogo haina tundu la flashi, kwa hiyo tukatumia kompyuta yangu juu ya magunia, mjukuu wake akiwa ameshika simu kutupa mwanga kila mteja alipotaka kupimiwa kitu. Mzee hakuvutiwa sana na milima ya Bhutan. Kwenye picha za Plymouth alinyamaza, akaacha kupima sukari, akaomba nirudishe nyuma kidogo, tukauona tena mji ule wa kijivu. Kwenye mechi alilaumu mabeki. Mwisho akauliza, "Walifungwa ngapi hawa?"

"Nne bila."

"Na kwenye kile chama cha dunia wamo?"

"Wamo, mzee wangu."

"Bado wamo?"

"Bado."

Akatikisa kichwa, akamalizia kufunga karatasi ya sukari, akampa mtoto aliyekuwa akisubiri. Kisha akaniuliza kama ninaijua ile mechi ya 1995 kule Uganda, nikasema naijua kwa kusoma tu. Akavuta kigoda, akaniambia nizime hiyo kompyuta.